Neno la Mbali

Tartu, Februari, mwaka wa sabini na tisa.
Mto umeganda; watu wanauvuka kwa miguu na mikoba ya viazi.
Ndani, jiko la vigae linatafuna kuni za magome meupe,
na Virve Ojasoo, chaki mkononi, koti hajalivua,
ananiuliza miezi mitatu nimeipeleka wapi.

Kwenye vitanzi, namwambia.
Nilikuwa nikitafuta sahihisho la neno la mbali,
lile linalofunga kila nukta ya uga na kila nukta nyingine,
hata zisizojuana,
kwa nguvu inayopungua kadiri umbali unavyopandishwa kwenye kipeo chake,
inayopungua
lakini haizimiki.
Kurasa arobaini. Kila mwisho, sifuri.
Nikadhani nimekosea alama.

Hacheki. Anafuta ubao kwa kiwiko.
"Kupima upya ni kurudi nyuma mbele ya picha.
Unasahau chembe, unabaki na mabaka;
unasahau mabaka, unabaki na rangi.
Na kila hatua ya kurudi,
minong'ono ya jirani kwa jirani unaijumlisha,
unaiandika namba mpya palipokuwa na namba ya zamani.
Tungamo hubadilika. Nguvu ya mgongano hubadilika.
Ila minong'ono ya karibu huzaa ya karibu tu:
mraba, mraba wa mraba, vitu laini, vya mviringo.
Neno la mbali lina ncha.
Jumlisha mpaka kesho, ncha ile hutaizaa, wala hutaichonga.
Sifuri yako si kosa, kijana.
Ndiyo jibu."

Habari za jikoni kwake tulizijua sote.
Familia tatu, meko moja,
na Kapitolina wa chumba cha pili akikoroga supu ya kabichi,
akimwambia kila jioni, kwa upole kabisa:
dada yako ameshakuwa wa kule, msahau,
utapewa cheo, utapewa nyumba yenye bafu.
Kila jioni, sahihisho dogo.

Salme aliondoka vuli ya arobaini na nne,
ana miaka kumi na minne,
na katika fuko lake, kwa haraka ya usiku ule,
kiatu kimoja cha Virve, cha kushoto.
Barua zake hutoka Toronto zimeshafunguliwa, zimeshagundishwa.
Zilikuwa moja kwa miezi minne.
Zikawa moja kwa mwaka.

"Kuna mpaka lakini," anasema, na sasa anaandika polepole.
"Kipeo kikikua mno, mbali hufifia upesi,
jirani hushinda,
na ukitazama kutoka juu huwezi kujua kwamba palipata kuwa na mbali.
Wengi waliuweka mpaka kwenye mbili kamili.
Hauko pale. Uko chini ya mbili,
kwa kiasi kilekile ambacho majirani wenyewe, wakiachwa peke yao, hupotoka."
"Kiasi gani?"
"Katika vipimo vitatu? Sehemu tatu za mia. Labda nne."
Akaitazama ile tofauti kama mtu anayehesabu chenji
na hajui kama amepunjwa.

Saa kumi, giza limeingia, akavaa viatu vya mpira.
Nikamsindikiza hadi posta.
Karani, bila kuinua macho: hakuna.
"Miezi kumi na saba," alisema Virve, si kwangu.
Kisha akanunua stempu, akailamba,
akaibandika kwenye bahasha aliyokuwa nayo mfukoni tangu asubuhi,
akaibonyeza kwa gumba muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji.

Nje, theluji ilikuwa ikianguka bila upande.
Akaniuliza kama zile kurasa arobaini nimezitupa.
Bado, nikasema.
"Zilete kesho.
Nataka kuona sifuri ilivyotoka, mstari kwa mstari."