Mkao wa Mwisho

Karura, Jumapili, saa tatu na robo asubuhi.
Mutinda amelipa langoni, amehesabu vichwa mara mbili.
Mimi nimebeba mkeka wa kuanikia mahindi,
kwa kuwa ule wa yoga
Muuo aliukata akatengeneza ngao.

Wifi yangu Nduku ananiuliza kwa sauti ya chini,
sauti ya chini inayofika mpaka langoni:
"Na haya mambo, mchungaji anayajua?"
Namwambia mgongo wangu ndio unaoyajua.
Miaka tisa nyuma ya kioo cha benki
nikihesabu pesa zisizo zangu,
hadi uti ukajikunja kama alama ya kuuliza,
na daktari akanijibu: unyooke, au nikunyooshe.

Basi nanyooka.
Mikono juu. Pumzi ndani.
Majani yanayooza, udongo mwekundu ulionyeshewa jana,
na nyuma ya ukuta wa miti barabara ya Limuru
inanguruma kama tumbo la aliyekosa staftahi.

Nakuwa paka. Nakuwa ng'ombe.
Muuo anapita na baiskeli ya kukodi, anapiga kengele:
"Mama, na fisi yuko?"

Sasa mti.
Mguu mmoja chini, wayo wa pili pajani,
viganja vimekutana kifuani.
Mbele yangu mti wenyewe umesimama
wala haujui kwamba unasimama.
Mimi natikisika, najishika, natikisika,
kidole gumba kinaitafuta dunia chini ya mkeka.
Tawini kima ameshika kipande cha nduma yetu,
anatafuna taratibu, akinitazama
kama mtu aliyelipia kiti cha mbele.

Mutinda anacheka hadi chai inamwagika.
Kisha, akidhani simwoni,
anakwenda nyuma ya kichaka na kuinua mguu wake mmoja.

Wa mwisho ni mkao wa maiti.
Jina sikulichagua mimi.
Unalala chali, viganja vinatazama mbinguni,
unaachia taya, unaachia paji la uso,
unaachia mkopo wa Sacco, karo ya muhula wa pili,
bomba la jikoni linalodondoka
tone
tone.
Ndege nisiyemjua anarudia neno lake moja.
Nimeliachia hata hilo.

Sikumfikiria Kasyoka.
Kasyoka wa miaka mitano, ambaye mwezi wa nne,
kule Kangundo, tulimbeba
akachungulia kwenye jeneza amwone mama yangu,
na mtu fulani akamwambia, "Amelala tu."
Mtu fulani!
Ni mimi niliyemwambia.

Kwanza nasikia viatu vyake, vile vya kuwaka taa, vikisimama.
Halafu kimya.
Halafu kivuli kidogo juu ya kope zangu.
Kidole kinachonata embe
kinanifungua jicho la kushoto kwa nguvu,
kama mtu anayechungulia duka lililofungwa.

"Mama,
umelala ile ya kuamka?"

Nduku ameacha kumenya yai.
Mutinda amesimama na kikombe, hajui akiweke wapi.
Mimi maneno yote niliyonayo ni yale niliyokwisha kumdanganya nayo.
Nauchukua mkono wake, nauweka tumboni pangu,
hapo chini ya kitovu alikotoka.
Unapanda.
Unashuka.
Anauangalia kama aangaliavyo maziwa jikoni
yasije yakafurika.
Unapanda.
"Nyanya yake haikuwa inapanda," anasema.
"Haikuwa," namjibu. "Haikuwa inapanda, mama."
Unashuka.

Anavua viatu, kimoja bado kinawaka,
analala chali kando yangu, viganja juu,
anavimbisha kitumbo chake mpaka mwisho
ili kila mtu aone.

Nduku anakuja na leso yake, anatufunika miguu,
hasemi kitu kuhusu mchungaji.
Kima ameshuka, anachukua nduma ya pili,
na hakuna anayeinuka kumfukuza.