Saa Isiyokuwapo

Ghala namba tatu, Grimsby. Njegere za kugandishwa
tani mia sita, nami ndani ya koti
lililoshonewa mwanamume wa futi sita.
Wino umeganda. Natumia penseli.

Daftari la joto linasema: hasi ishirini na mbili.
Jumatatu, hasi ishirini na mbili. Jumanne vilevile.
Februari nzima imetulia
kama mtoto anayejifanya kalala.

Nilikuwa nageuza kurasa tu, sitafuti kitu,
nikafika Jumapili ya mwisho ya Machi,
usiku ule Uingereza husukuma mishale mbele:
saa saba ikitimu, papo hapo huwa saa nane.
Katikati hapana kitu. Hakuzaliwa mtu,
hakufa mtu, wala basi halikupita.
Lakini daftari, kwa mwandiko wa kupendeza,
lina mstari wake:
saa saba na nusu usiku, hasi ishirini na mbili.

Nilicheka. Kicheko kikanigandia nyusini.

Wakurugenzi wa bodi ni tisa. Huja mara nne kwa mwaka,
hukaa ghorofa ya nne,
na kampuni huwafikia ikiwa imepigwa pasi:
majedwali, mishale ya kijani, kurasa mia mbili na kumi.
Si watu wabaya. Ila karatasi haina baridi.

Mshahara wangu hutiwa saini ghorofa ya pili;
ripoti yangu huipita ghorofa hiyo bila hodi.
Safari hii hodi ilikuja kwangu:
Bwana Pickersgill, mtendaji mkuu, na vikombe viwili vya chai.
"Hilo neno 'kughushi', halina ndugu yake mpole?"
Linaye, nikamwambia, anaitwa "kosa la uandishi",
ila huyo sikumkuta ghalani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mimi si mgeni. Nina kikombe changu jikoni,
nina deni la mchango wa keki.
Ni mwenyeji ninayelipwa kutazama kigeni,
kazi ya kula chakula cha mchana peke yako.

Siku ya kikao, Bi Rosalind Thackray wa kamati ya ukaguzi
aliwaomba watendaji watoke. Mlango ukafungwa.
Akalisukuma kabrasha pembeni, akavua miwani.
"Bi Mwanakheri, kipi hakimo humu?"

Nikasema: kipimajoto kilikufa Januari.
Nikasema: Dariusz wa zamu ya usiku aliomba fundi mara tatu,
na barua zote tatu zina muhuri wa ghorofa ya pili,
subiri bajeti.
Akaandika alichozoeshwa kuandika.
Mkimfukuza yeye, mtakuwa mmefukuza mwandiko.

Biskuti ya mtu ikarudi sahanini.
Kisha mmoja akauliza, polepole, kama anayejifunza lugha:
"Na ghala namba nne?"

Swali hilo sikulileta mimi. Lilikuwa lao.
Nikakunja ripoti yangu.

Fundi alikuja Alhamisi. Tani arobaini zilitupwa.
Bwana Pickersgill sasa hunisalimu kwa kidevu.

Oktoba nchi hii itairudisha saa yake,
saa saba na nusu itapita, kisha ipite tena.
Nimeweka alama kwenye kalenda.
Nitashuka na koti langu la kuazima
kuona kama daftari lina mistari miwili.