Nusu ya Sinia

Kadzo ameniwekea sinia la mchele mapajani.
"Toa mawe yote, Mzee Famau. Hatuna haraka."
Nikatoa kumi na moja, nikayapanga ukingoni
kama fundi anayehesabu vifungo.
Nimemaliza, nikasema.
Akalizungusha sinia taratibu, bila neno,
na kutoka upande ambao haukuwapo
yakaja mawe tisa, na makapi,
na fukusi mmoja akitembea kwa raha zake.

Hivyo ndivyo nilivyojua.
Si kwa mashine iliyonimeza kichwa kule Malindi,
si kwa daktari aliyesema "kiharusi"
kama anayetaja jina la mdeni wake.
Kwa fukusi.

Macho yangu ni mazima, wameyapima.
Kilichokatika ni ule mwito wa ndani
unaoyaambia macho: na huku pia.
Kushoto kwangu si giza. Giza ningelijua.
Ni kiwanja usichokumbuka
kama kiliwahi kuwa na nyumba.

Nilikula nusu ya wali, nikamlaumu Mwanamkuu kwa kunipunja.
Nilinyoa shavu moja nikaenda msikitini.
Kofia ya vito niliyoianza kabla ya Ramadhani
niliishona hadi mahali fulani,
hapo nikafunga uzi, nikaiita kofia.
Lali, mjukuu wangu, akaivaa, akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Na kilichoniuma zaidi ni

Nilikuwa nasema nini?
Nje kuna mkokoteni, "Simile! Simile!",
feni nayo ina mlio wake,
redio ya jirani inataja bei ya sukari.
Ngoja.
Mchele. Ndiyo. Tulikuwa kwenye mchele.

Hilo nalo ni tiba, asema Kadzo: kurudi.
Daftarini huandika nimerudi mara ngapi,
haandiki nimepotea mara ngapi.
Nimemchungulia.

Amefunga uzi mwekundu kwenye ukingo wa kushoto.
"Usianze mpaka uuone uzi."
Mwanamkuu, asiyependa kupitwa,
amefunga nyuzi nyekundu nyumba nzima:
kwenye komeo, kwenye birika,
kwenye mkono wangu mwenyewe,
ule ambao asubuhi moja niliuliza ni wa nani.
"Geuza mato, baba Athmani, geuza mato,"
kwa ile sauti ya kumtuma mtoto dukani.

Jana tulitembea hadi Langoni.
Vichochoro vyetu ni vyembamba, na punda haombi radhi.
Nilikivuta kichwa kushoto kama mlango uliovimba kwa mvua:
ukuta, baraza, paka, ukuta,
nikitaja kila kitu kwa sauti,
watu wakadhani navuta uradi.
Punda akatokea kushoto na mifuko ya saruji.
Nikamwona.
Nikamwona kabla mwenyewe hajapiga kelele!
Nikaegemea ukuta apite,
joto la mbavu zake likanipangusa mkono,
nami sikuuliza ni wa nani.

Nyumbani nikaomba sinia.
Nikapata mawe kumi na tisa.
Kadzo alikuwa ametia ishirini.

"Usilitafute," akasema Mwanamkuu, akilichukua sinia jikoni.
"Utalikuta kwenye wali.
Na Mungu akipenda
utalitafuna kwa jino la kushoto."