Vidole Vitatu

Usiku, umeme ukikatika Nyamugo nzima,
dada yangu Nsimire huanza kusaga.
Si mahindi. Si muhogo.
Meno juu ya meno, krr, krr,
nami ubavuni mwake nasikiliza
kama mtu aliyepanga chumba karibu na kinu.

Kwanza tulisema ni sikio.
Jirani akatia mafuta ya vuguvugu.
Kisha tukasema ni gego, likang'olewa
gego zima, jeupe, lisilo na kosa lolote;
nimelitunza ndani ya kiberiti.
Maumivu yakabaki palepale,
penye bawaba ya uso,
na kila akipiga mwayo: tak.
Darasani wakamwita Kufuli.
Akaacha kucheka. Sambaza pia akaacha,
eti zina mifupa,
yeye aliyezitafuna na vichwa vyake.

Mama alikuwa amekwenda Kamituga
kutwanga mawe ya watafuta dhahabu,
akamwachia funguo, deni la duka,
mimi, na mtihani wa kumaliza sekondari.
"Jikaze," alisema mama, mguu mmoja ndani ya lori.
"Jikaze," akasema prefe, akidai minervali.
Hata mimi nilisema, siku niliyomkuta
anatazama ukuta, maharage yanaungua.

Alitii.
Miguu ilichoka, kichwa kilikataa,
taya ndilo lililolisikia neno
likalishika mchana, likalishika usiku,
wala hakuna aliyeliambia
kazi ya kukaza inaisha saa ngapi.

Daktari wa meno, kule Ibanda,
mwanamke mwenye mikono midogo,
alimwambia apachike vidole vitatu kinywani
vimepangana kama ngazi.
Kikaingia kimoja. Cha pili kwa taabu.
Akavua glavu, akavuta kiti.
"Unalala vipi? Nani anakusaidia?"
Dada akalia mdomo umefungwa,
kama anayelia kwenye msiba wa watu asiowajua.

"Huu si wazimu," akasema daktari, "wala si kudeka.
Mzigo usiposemwa hujitafutia pa kukaa.
Kitambaa cha moto jioni. Na popote utakapokumbuka,
hata kwenye foleni ya maji:
midomo ikutane, meno yaachane."

Sasa nami nina kazi.
Nikisikia krr, naweka kiganja shavuni pake,
simwamshi, nanong'ona: yaachane, yaachane.
Mara nyingine yanasikia. Mara nyingine
ni mimi ninayeamka nimeuma meno.

Jumapili mama alipiga simu,
mtandao mzuri kwa ajabu.
"Mko sawa?"
"Tuko sawa." Tak.
"Kitu gani kimelia?"
Nsimire alinitazama. Angeweza kusema mlango;
tunao mlango, na kweli unalia.
"Ni mimi, mama," akasema,
kinywa kikabaki wazi, bado hajakifunga,
vidole viwili, karibu vitatu.