Ngoma Mbili za Nyuma

Siku ya tatu sasa. Pedali ya breki ya kuegeshea
inazama hadi sakafuni bila ubishi,
kama mguu kwenye theluji mbichi.
Mtaa wetu hapa Duluth umeliinamia ziwa
mfano wa meza iliyokatika mguu,
na kisichofungwa, hushuka.

Jumamosi nilifungua magurudumu ya nyuma yote mawili
kwa mkupuo. Nilikuwa na jeki mbili na kiburi kimoja.
Ngoma ziligoma. Nikazigonga nyundo
hadi Bi. Skaugstad akatoa kichwa dirishani
kuuliza nani anaolewa.
Hakuna, nikasema. Lakini ngoma ilikuwepo,
na viatu vipya vimo kwenye boksi,
na mimi nimelala chali juu ya kadibodi
nikinusa vumbi jeusi la miaka kumi na tisa.

Royce alikuwa na msemo wake:
upande mmoja kwanza, Lempi,
ule mwingine uwe kitabu chako.
Royce yuko Fargo sasa,
na pikapu mpya yenye diski pande zote nne.
Sikutaka kitabu chake.

Jumapili jioni nikakanyaga pedali,
nikaacha gia huru, makusudi, kuijaribu.
Gari likasubiri nifike mlangoni.
Kisha likaondoka polepole, kiungwana,
kama mgeni asiyependa kuaga,
likalilaza chali pipa la taka la Bi. Skaugstad.

Nikakamata washukiwa mmoja mmoja.
Kebo kwanza. Chumvi ya barabarani imeila,
lakini Tuuli alipokanyaga niliiona ikijongea,
mkono wa chuma ukasukuma, viatu vikatanuka.
Kebo ina makosa mengi; hili si lake.
Fimbo ya kati ipo. Springi zipo, rangi kwa rangi.
Silinda kavu, hazivuji.
Nikazungusha nyota ya ajasta kwa bisibisi,
meno kumi, kumi na mawili,
mpaka gurudumu likaanza kukwaruza,
na pedali ikasimama juu,
ngumu kama jibu la hapana.
Nikaenda uchochoroni: rudi nyuma, breki,
rudi nyuma, breki,
maana ndivyo inavyojikaza yenyewe.
Asubuhi pedali ilikuwa sakafuni.

Usiku huu baridi imeshuka chini ya sifuri.
Binti yangu ameng'ata tochi.
Anaitoa mdomoni:
Mama, mbona hii inazunguka kinyume?

Nikafuta grisi kwa kidole gumba.
Herufi ndogo, imechongwa kwenye chuma: ya kushoto.
Na sisi tupo kulia.
Zinafanana kama mapacha, ajasta hizi,
uzi tu ndio unaozitenga;
moja hurefuka ikizungushwa huku, mwenzake kule.
Kila niliporudi nyuma ili ikaze
nilikuwa nailegeza, kwa juhudi,
kwa nia njema kabisa.

Nikakaa kwenye kadibodi.
Nikafikiria zile simu za saa saba usiku
nilizompigia Royce ili kuweka mambo sawa.
Tuuli akauliza kama nalia.
Ni dawa ya kusafishia breki, nikasema,
na kweli kopo lilikuwa wazi.

Sasa tumezibadilisha, ya kulia kwa ya kushoto.
Pedali inagoma kwenye mlio wa nne.
Gari limeegeshwa mteremkoni, pua ikitazama ziwa,
gia huru, na mikono yangu nimeitia mifukoni
isije ikafanya kitu.
Tuuli anahesabu hadi mia.
Alipofika sitini na ngapi sijui
nikaenda nikachukua gogo la kuni,
nikalisukuma chini ya tairi.

Huiamini?
Naiamini, nikasema. Kesho nitaiamini bila gogo.

Upande wa pili wa uzio, kimyakimya,
Bi. Skaugstad anaburuta pipa lake
kulipeleka nyuma ya nyumba.