Moja kwa Thelathini na Tano

Meza ya baba ilikuwa mlango wa zamani wa zizi
uliolazwa juu ya mapipa mawili.
Ilinuka gundi, tapentaini,
na kahawa iliyosahauliwa hadi ikaota ngozi.

Hapo ndipo Wajerumani walipopiga kambi:
kifaru chenye mzinga mrefu kama shingo ya jirani mdadisi,
pikipiki yenye kiti cha abiria ubavuni,
jiko la askari na bomba lake la moshi
lisilofika hata nusu ya njiti ya kiberiti.
Kila kitu kiligawanywa kwa thelathini na tano.
Mwanamume mzima, na kofia yake ya chuma,
hakukizidi kidole changu cha shahada.

Rafu ya juu ilikuwa ya wakongwe,
wanasesere wa unga wa mbao na gundi
waliofinyangwa kabla ya vita kwa ajili ya watoto wa kwao.
Ndani mwao, badala ya mifupa, mna waya.
Unyevu wa Ardeni ukiwaingia, waya hushika kutu,
kutu huvimba, na ngozi hupasuka.
Mpiga tarumbeta mmoja alipasuka toka kwapa hadi kiuno.
Baba alimfunga uzi, akatuonya:
asiguswe huyu, bado anauguzwa.

Kijijini hawakupenda.
Bwana Collignon, muuza nyama, alimwambia mbele ya watu,
huku akifuta kisu:
“Firmin, ghala la mama yako lilichomwa na nani?
Nawe unawapangusa vumbi kwa brashi ya manyoya!”
“Hawa,” baba alijibu, “hawaingii jikoni
mpaka niwabebe mimi.”
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Baba aliuokota ung'ongo, akakaa kitako, akaanza kusuka.

Majira yale ya baridi alimaliza lori,
lile la magurudumu mbele na minyororo nyuma.
Miezi minne. Kijani alikichanganya mara tisa
akikilinganisha na picha chini ya taa.
Ndipo bibi Léocadie akapanda ngazi,
yeye ambaye hakuwahi kupanda,
ngazi kumi na nne, akipumzika kila ya tatu.
Akavaa miwani. Akainama.

“Silo.”

Baba alikaa kimya.

“Lilikuwa jeupe. Walilipaka chokaa
kwa ufagio. Ufagio wangu. Hawakuurudisha.
Na taa ya kushoto haikuwepo.
Na dereva alikuwa na mafua,
kamasi akijifutia mkono wa koti.
Alinionyesha ng'ombe kwa kidole, kisha mdomo wake.
Nikampa maziwa.”

“Kabla ya moto,” baba aliuliza, “au baada?”

Bibi aliitazama theluji dirishani
kama mtu anayetafuta bei iliyofutika.
“Sikumbuki. Nakumbuka kikombe.
Cha bati, chenye pengo ukingoni.”
Akashuka. Nilizihesabu ngazi zote kumi na nne.

Miaka hamsini walikula meza moja, mama na mwana,
na maziwa hayo hayakuwahi kutajwa.

Usiku ule ule baba alichukua wembe,
akaing'oa taa ya kushoto.
Akakata mswaki, akabakiza nywele chache,
akapaka nyeupe kwa fujo, michirizi michirizi,
kama mtu aliyeazima ufagio na ana haraka.

Kikombe ndicho kilichomshinda.
Kikombe, ukikigawanya kwa thelathini na tano,
ni milimita mbili na nusu. Pengo lake ni pumzi.
Alikichonga kwa karatasi ya sigara.
Cha kwanza alikipiga chafya.
Cha pili na cha tatu vilimponyoka kwenye kibano.
Cha nne kilishika mkononi mwa dereva,
na kipo hadi leo, ingawa lazima niwaonyeshe wageni.

Nyumba tunaiuza mwezi wa Machi.
Mkataba umetaja paa, kisima, mipaka ya shamba.
Haukutaja kwamba huko darini, katika nyufa za mbao,
kuna vikombe vitatu.