Pindo Liachwe

Famau dalali alidai mia tatu, pesa ya viatu,
naye yuko na ndara.
Nikamfuata, futi shingoni kama siku zote,
daftari kwapani: mbele vifua na viuno vya watu,
nyuma, kuanzia leo, vyumba.

Barani, kwa Mzee Ngowa, elfu mbili mia tano.
Ukuta umepakwa chokaa hadi kiunoni,
juu yake umeachiwa Mungu.
Nikapima: nane kwa tisa.
Kitanda kikiingia, cherehani italala nje;
cherehani ikiingia, mimi nitalala wima.
Maji je? "Yapo," akasema, akanyoosha mkono
kuelekea mahali nisipoona kitu.

Mimi nahesabu kwa madera.
Dera moja, mia mbili ya kushona.
Barani ni madera kumi na mawili na nusu,
na hiyo nusu sijui ataivaa nani.

Maweni, elfu nne.
Bi Mwanakombo hakuniuliza kazi,
aliniuliza mume yuko wapi.
Nikamwambia yuko pale nilipomwacha.
Akanitazama, akatazama futi yangu,
akapandisha: nne na nusu, mwanamke peke yake
ana wageni, na wageni wana maji ya kuoga.
Dirisha lilikuwepo. Limetazamana na ukuta wa jirani
kama mke na mume waliogombana
na bado wanalala chumba kimoja.
Nikafunga daftari. Hicho nilishakipanga miaka sita.

Kisumu Ndogo, elfu tatu, saruji mpya, mlango wa chuma.
Moyo ukaruka.
Lakini wapangaji saba, mita moja ya stima,
na tuliwakuta uani wakimsaka
mtu aliyemaliza tokeni kwa pasi.
Nikaikumbuka pasi yangu,
nikaaga vizuri, nikaondoka kama mwizi.

Famau akasema, tukatize Casuarina, ni karibu.
Geti jeusi, maua yananyweshwa.
Charo mlinzi ni mtu wa kwetu, akasimama kutusalimu.
Vyumba kumi na kimoja, akasema,
mashuka yanafuliwa kila Jumatatu kwa sababu ya vumbi.
Nani analala? Vumbi.
Mwenyewe huja Desemba, akija.
Na wewe, Charo? Yeye watoto wake wako Muyeye,
watano, chumba kimoja, elfu mbili, na amechelewa miezi miwili.
Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukanyoosha futi:
geti lile, upana, futi kumi na nne.
Famau akaniambia nisiandike hilo.
Nimeliandika.

Shella, mwisho, elfu saba.
Ghorofani. Mwanga unaingia bila kubisha,
uzi ungepita tunduni bila kulambwa.
Nilikaa sakafuni kidogo, nikasema nimechoka.
Madera thelathini na matano.
Mwezi wa kuelekea Idi, sawa, nakesha, nayatoa.
Mfunguo nne je? Mfunguo tano?
Famau alikuwa akitazama saa.

Jioni nilirudi Barani bila dalali.
Mzee Ngowa alikuwa akimenya muhogo.
Nikamuuliza, baraza hii ina kodi?
Akashangaa. "Baraza? Baraza ni ya kukaa."
Nikikaa na cherehani?
Akafikiri hadi muhogo ukaisha.
"Isipige kelele wakati wa taarifa ya habari."
Kisha akanyanyuka, akanionyesha yale maji:
bomba nyuma ya choo cha jirani,
mtungi shilingi tano, yana chumvi kama machozi,
foleni yake inaanza alfajiri.
Kwa hiyo hayakuwa uongo. Yalikuwa mbali kidogo na ukweli.

Dada yangu, ninayelala sebuleni kwake
tangu mfunguo pili, aliuliza: umepata?
Sikumjibu mara moja.
Nilifungua daftari upande wa mbele, si wa nyuma,
nikaandika chini ya jina langu
kama niandikiavyo sare ya msichana anayekua:
nane kwa tisa.
Pindo liachwe.